Kuhama mfumo si jambo geni kwetu: Linux, Kasongo na karatasi za Kabambare



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kuna swali moja linazunguka kati yetu. Siku ile Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Anayetaka kuendelea na Windows 11 anahitaji mashini yenye chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, memori ya GB 4 na nafasi ya GB 64 katika diski. Sasa sisi wa Kasongo na Kabambare, ambao mashini zetu zimefika huku zikiwa zimekwisha kutumiwa na watu wengine kwa miaka, tufanye nini? Tuzitupe? Tubaki hivyo hivyo? Ao tuhame?

Mimi nimehama. Nina miezi minne sasa ninatumia Linux, ile ya familia ya Ubuntu, na wengi mmeniuliza naionaje. Nitajibu, lakini nitajibu kama mtu aliyesoma historia, maana mimi si fundi wa mashini. Na nitaanza kwa kusema wazi nilichokuja kuelewa: mfumo ukibadilika, hatari kubwa si vitufe vipya wala rangi mpya. Vitufe unavizoea ndani ya wiki mbili. Hatari ni karatasi za zamani. Nani atazisoma? Nani atazihamisha? Kwa swali hilo, mji wetu una uzoefu mkubwa kuliko tunavyodhani.

NILICHOKIONA KWANZA

Linux unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi, ukaitazama bila kugusa kitu chochote katika diski. Ndivyo nilivyoanza. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika neno la kwanza lililonijia, Maniema. Kikatoka kitu hiki: :qnie;q.

Nilicheka peke yangu. Sababu ni ndogo. Kibodi zetu ni za AZERTY, mpangilio ulioanzia Ufaransa kwa mashini za kuandikia mwishoni mwa karne ya 19 na kutufikia kwa mkono wa Wabelgiji. Mfumo ulikuwa umewaka kwa mpangilio wa Marekani. Kurekebisha ni dakika moja: unachagua Kifaransa katika orodha, basi. Lakini niliona jambo. Hata mahali penye herufi A chini ya kidole changu pana historia, na historia hiyo nilikuwa sijawahi kuiona mpaka siku mfumo ulipobadilika.

Jambo la pili: hakuna C wala D. Tumezoea kusema "weka ku D". Huku kila kitu kinaanzia kwenye mzizi mmoja, halafu matawi. Vitu vyako vyote viko katika tawi moja linaloitwa nyumba. Fleshi ukiichomeka nayo inakuwa tawi. Nilizoea upesi, maana ni kama ukoo: unamtaja mtu kwa kupitia baba na babu yake.

Jambo la tatu: herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Ukiandika Kasongo kwa K kubwa na kasongo kwa k ndogo, kwa Windows ni fishie moja, kwa Linux ni mbili tofauti. Mwanzoni inachosha. Baadaye inakufundisha adabu ya kupanga majina.

Jambo la nne ndilo lililonifanya niandike maneno haya.

FLESHI ILIYOKUWA TUPU

Kwa TFC yangu nilizunguka Kasongo na Kabambare nikirekodi wazee. Sauti zao na maandishi niliyoyanukuu nilikuwa nayo kwenye mashini, na nakala kwenye fleshi. Wazee wawili kati yao wamekwisha kutuacha. Mnajua maana yake: ile sauti hairudiwi.

Fleshi ile niliipeleka siku moja kwenye sekretaria ya mjini, zile nyumba ambako watu wanaandikisha barua na kuchapisha kazi zao, ikatoka na ugonjwa ambao nyote mnaujua. Ukiifungua unaona majina ya mafaili yako, lakini ni njia za mkato tu. Ukibonyeza, hakuna kitu. Watu wengi wakifika hapo wanalia, kisha wanafuta fleshi nzima. TFC ngapi zimekufa namna hiyo hapa kwetu!

Nikaichomeka kwenye Linux. Mafaili yote yalikuwepo. Yote! Pembeni yake kulikuwa na zile njia za mkato za uongo, zimelala tu, hazifanyi kitu.

Si muujiza, wandugu. Kirusi kile hakifuti kazi yako. Kinaipiga alama ya kuwa "imefichwa", kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile ili wewe uibonyeze na kukifungua chenyewe. Windows inaitii ile alama: kilichofichwa hakionyeshwi, isipokuwa ukibadilisha mipango. Linux alama hiyo ya Windows haiitii, na zile njia za mkato hazijui kuzifungua. Kwa hiyo kilichokuwa kimefichwa upande mmoja, upande wa pili kiko wazi. Angalizo: kirusi bado kinakaa kwenye fleshi na kitaambukiza wengine kama hukukisafisha.

Pale nikakumbuka karatasi nyingine iliyokuwa na maneno ambayo jicho halikuyaona kwa zaidi ya miaka 130. Na karatasi hiyo iliandikwa Kabambare.

BARUA YA KABAMBARE, 1871

David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1869. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza pale kwa miezi mingi. Karatasi zikamwishia. Wino ukamwishia. Akafanya kama mwanafunzi asiye na daftari: alichukua kurasa za gazeti la zamani la London na vipande vingine vya karatasi, akatengeneza wino kwa mbegu za mmea wa huku, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha chapwa.

Februari 1871 aliandika barua kutoka Bambarre kwa rafiki yake Horace Waller. Kisha akaenda Nyangwe, na huko, tarehe 15 Julai 1871, akashuhudia watu wakiuawa kwa bunduki sokoni kando ya mto Lualaba, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Hayo nayo aliyaandika juu ya gazeti.

Wino ule ukafifia. Chapa ya gazeti ikabaki nyeusi kama kawaida. Ukichukua karatasi ile unasoma habari za London, na chini yake kilio cha Nyangwe hukioni. Kitabu cha safari zake za mwisho, kilichohaririwa na Waller na kutoka mwaka 1874, ndicho dunia ilichosoma.

Miaka ya 2010 na 2011 kikundi cha wataalamu kilipiga picha karatasi hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile ambayo jicho la mtu haliioni. Kompyuta zikachanganua zile picha, zikafifisha chapa ya gazeti na kuuleta wino mbele. Barua ya Bambarre ikasomeka kwanza, mwaka 2010. Shajara ya 1871 ikafuata mwaka mmoja baadaye. Na wataalamu waliposoma wakakuta kwamba maandishi ya siku zile zile hayalingani kila mahali na kile kitabu cha 1874, hasa katika habari za mauaji ya Nyangwe. Mambo yalikuwa na utata zaidi kuliko ilivyochapwa.

Mwanafunzi wa historia ajiulize: maneno yalikuwa yamepotea? Hapana. Yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni namna ya kuyaona. Na yaliokolewa kwa sababu moja ya kawaida kabisa: mtu fulani alizitunza karatasi mbovu zisizosomeka, hakuzitupa.

KASONGO ILIPOBADILI HERUFI

Sasa twende Kasongo. Kabla ya mwaka 1893 mji huu ulikuwa mji wa watu wanaoandika. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mtu wa Zanzibar, aliufanya kituo chake kikubwa katika miaka ya 1870. Tusipambe mambo: biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na babu zetu wengi walipita mle wakiwa na kamba shingoni. Lakini ilikuwa biashara iliyohitaji barua, hesabu za madeni na mikataba. Zote ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili.

Halafu ikaja vita. Nyangwe ilianguka Machi 1893. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Dhanis yakaingia Kasongo. Mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikachukuliwa. Mahali pa Kasongo ya kale leo tunapaita Tongoni, na jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa.

Mji ulihama, na mfumo wa kuandika nao ukahama. Utawala mpya uliandika kwa Kifaransa na kwa herufi za Kilatini. Shule za misioni zilifundisha Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Hakuna aliyekuja kumuuliza mwandishi wa Kasongo kama anakubali. Siku moja alikuwa msomi wa mji, siku nyingine hawezi kusoma tangazo lililobandikwa ukutani. Na mjukuu wake akawa hawezi kusoma karatasi za babu.

Hili si jambo la vitabu tu. Nilipokuwa nikikusanya habari za TFC, mzee mmoja wa Kasongo alinitolea bahasha yenye karatasi ya babu yake. Kwao waliamini ni dua, kwa sababu ya herufi. Mzee anasoma Kurani vizuri, lakini alikuwa hajajaribu kuisoma hiyo, kwa heshima. Nikamwomba aisome kwa sauti, polepole. Akaanza, herufi kwa herufi, akasimama katikati ya mstari.

"Mtoto wangu," akasema, "hii si Kiarabu. Hii ni Kiswahili yetu."

Ilikuwa hesabu: nguo, chumvi, na majina ya watu wanaodaiwa. Familia ilikuwa imeitunza miaka yote hiyo, na lugha iliyomo ndiyo wanayozungumza jikoni kila siku. Ila mfumo wa herufi ulikuwa umewafungia mlango.

Karatasi nyingine za aina hiyo ziko mbali. Xavier Luffin, mtaalamu wa Ubelgiji, amekusanya na kuchapisha nyaraka za Kiarabu na za Kiswahili kutoka Kongo ya miaka ya 1880 na 1890 ambazo ziko katika hifadhi za kwao. Na Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayahamishia katika herufi za Kilatini, akayatafsiri, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ndiyo maana leo mwanafunzi wa Maniema anaweza kuyasoma. Yule mfanyabiashara mkubwa alipata mtu wa kumhamishia maneno yake. Waliodaiwa chumvi Kasongo hawakumpata. Na wale waliofungwa kamba hawakuachiwa hata karatasi ya kuandikia.

Kwa hiyo mfumo ukibadilika, si kila kitu kinapotea. Kinapona kile ambacho mtu amechukua taabu ya kukihamisha. Kingine kinabaki ndani ya bahasha, watu wakidhani ni dua.

LINUX ILITOKA WAPI

Wengine mtasema: sawa, lakini Linux nayo si mfumo wa kigeni? Ni kweli, haikuzaliwa Kasongo. Tuangalie basi imetoka wapi, maana humo mna tofauti moja ya maana.

Karibu na mwaka 1980, katika chuo cha MIT kule Marekani, Richard Stallman alikuwa na shida tunayoijua wote: printa. Ilikuwa inakwama karatasi, naye alitaka kurekebisha programu yake ili iwajulishe watu ikikwama. Akanyimwa ile programu katika hali ambayo mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha. Hasira hiyo ni moja ya mambo yaliyomfikisha, mwaka 1983, kutangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu ana haki ya kuutumia, kuufungua na kuusoma, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa universite ya Helsinki, alitangaza kiini alichokuwa akikiandika. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ile ile ya Stallman. Vitu viwili vikaungana, ndiyo Linux.

Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, akatoa Ubuntu. Neno hilo sisi hatuhitaji kamusi: ni utu, mtu kuwa mtu kwa sababu ya wenzake. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma diski za CD kwa posta bila malipo, kwa yeyote aliyeomba, maana walijua intaneti haifiki kila mahali.

Mwaka huo huo wa 2004, universite ya Dar es Salaam ikawa na kazi iliyoitwa Kilinux, ikatoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Angalieni vizuri hapo. Hakuna aliyelazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kwamba Kiswahili kina soko. Programu ilikuwa wazi, walimu na wanafunzi wakaingia, wakatafsiri. Kiswahili chao si kile kile cha kwetu, wao wanasema faili, sisi fishie, lakini mlango ni ule ule: mtu wa Kasongo akitaka kuleta maneno yake, sheria haimzuii.

Tofauti yenyewe ndiyo hiyo. Mwaka 1893 mwandishi wa Kasongo alibadilishiwa mfumo bila kuulizwa, na ufunguo wa mfumo mpya ulikuwa mikononi mwa wengine. Safari hii ninayehama ni mimi mwenyewe, na ufunguo naonyeshwa ulipo. Siwezi kusoma programu ya Linux, sijasoma kazi hiyo. Lakini kijana wa chama hiki aliyesoma informatiki anaweza, na hakuna wa kumkataza.

LINUX NAYO INA MACHO YAKE

Nisiwadanganye kwamba kila kitu ni asali. Kama kila mfumo una vitu usivyoviona, Linux nayo inavyo.

Siku niliporudi kuchapisha kazi, mwenye sekretaria aliniangalia akitabasamu.

"Kaka, ile mashini yako iko na Windows gani?"

"Haina Windows."

"Sasa inatembea namna gani?"

Tulijaribu printa yake. Ilikataa kabisa, kwa sababu programu yake ya kuiendesha imetengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Nikamtolea PDF kwenye fleshi safi, akachapisha kwenye mashini yake, mambo yakaisha. Tangu hapo sipeleki kazi ya kuchapishwa isipokuwa iko katika PDF.

Mwandiko nao una mambo. Aina za herufi tunazodaiwa katika TFC, kama Times New Roman, zina mwenyewe na leseni yake. Linux huja na nyingine, inaitwa Liberation Serif, ambayo kila herufi ina upana ule ule wa Times New Roman. Kwa hiyo mistari haivunjiki ovyo. Calibri nayo ina mwenzake, Carlito. Lakini jedwali zito, picha zilizopangwa pembeni, na masahihisho ya mwalimu yaliyoandikwa kando ya ukurasa, hivyo vyaweza kuhama kidogo ukitoka programu moja kwenda nyingine. Kabla ya kumpelekea mwalimu kazi, ifungue upande wa pili uitazame.

Halafu kuna mega. Programu za Linux zinapatikana bure, lakini nyingi unazishusha kwa intaneti, na huku mega zinanunuliwa kwa franki na umeme unakuja na kwenda. Mtu mmoja akishusha, awagawie wengine kwa fleshi. Kugawa huko sheria inakuruhusu, si kama zile kopi za kuvunjwa tulizozizoea.

Na kuna watu ambao nisingewaambia wahame leo. Mwenye kazi inayotegemea programu moja ya hesabu au ya ramani inayotembea kwenye Windows tu, abaki, au aweke mifumo miwili ndani ya mashini moja. Mfumo ni chombo. Mvuvi habadilishi mtumbwi katikati ya Lualaba.

Kwa mashini yangu ya memori GB 4, kazi yangu ya kila siku ni kuandika, kusikiliza zile rekodi na kusoma PDF. Kwa kazi hiyo Linux inanitosha, na mashini inawaka upesi kuliko zamani.

SASA TUFANYE NINI

Ninayo mapendekezo matatu kwa wanaotaka kuhama, na moja kwa chama chote.

La kwanza, kabla ya kuhama, hamisha. Toa nakala ya kila kitu nje ya mashini, kisha uzifungue zile nakala uone kama kweli zinafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa bado ni ile bahasha ya mzee.

La pili, jaribu kwa fleshi kwanza. Angalia kama sauti inatoka, kama Wi-Fi inashika, kama kibodi inaandika Maniema na si kile kitu kingine. Ikikataa, toa fleshi, mashini yako iko vile vile.

La tatu, hifadhi kazi zako katika muundo ambao maelezo yake yako wazi. Muundo wa ODF, ule unaoishia na odt, ulikubaliwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 2006. Maelezo yake yamechapishwa, kwa hiyo hata kampuni zote za leo zikifa, mtu wa mwaka 2080 anaweza kuyasoma na kutengeneza programu ya kuufungua. Weka odt kwa kufanyia kazi, PDF kwa kuchapisha na kuhifadhi.

Kwa chama pendekezo langu ni hili. Kila mwaka vijana wa Kasongo na Kabambare wanaandika kazi kuhusu mashamba yetu, magonjwa yetu, lugha zetu, vita tulivyopita. Nyingi zinaishia katika nakala mbili za karatasi na fleshi moja. Tufanye sanduku la pamoja: kila mhitimu atoe kazi yake katika odt na PDF, pamoja na rekodi za wazee kama anazo na kama wenyewe walikubali. Tuweke nakala tatu katika sehemu tatu, moja Kasongo, moja Kabambare, moja nje ya hapo. Na kila baada ya miaka miwili watu wawili wapewe kazi ya kuzifungua zote, moja moja, na kuhamisha zile zinazoanza kukataa. Kazi hiyo haihitaji mradi wala fedha za ng'ambo. Inahitaji diski tatu na watu wawili wenye subira.

Mimi natoa mashini yangu kwa siku mbili za mwanzo, na rekodi zangu ziwe za kwanza kuingia. Wenye umeme wa jua nyumbani, tunahitaji pa kufanyia kazi. Waliosoma informatiki, mnahitajika kuliko sisi wote. Na mwenye bahasha ya babu yake ambayo haijasomwa, asiitupe. Ailete, tumtafute wa kuisoma kwa sauti.

Nani yuko tayari kwa upande wa Kabambare?